Kompyuta Yenye Kioo Kikubwa na Bei Ndogo: Tuipime Kabla ya Kuinunua

Ninyi mlio Ngamiani na Makorora, ninyi wa Muheza, Mkinga na Pangani, na wengine wote mnaotusikiliza, fungueni madaftari yenu na mkae karibu na redio. Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: kioo, kumbukumbu, ghala, betri. Tutayahitaji.

Somo la leo limetokana na barua. Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, cha upande wa Pangani, kimetuletea swali. Wanachama wake ni 24. Wengi ni akina mama wanaonunua samaki pwani na kuwakaanga, na wengine wana minazi yao. Wengi walijifunza kusoma wakiwa watu wazima, kama ninyi. Wanaeleza kwamba hesabu za kikundi huandikwa na katibu katika daftari, kwa mwandiko mdogo, na siku ya mkutano yeye husoma nao husikiliza tu. Zamani hapakuwa na njia nyingine. Sasa wanajua kusoma, nao wangependa kuziona hesabu za fedha zao kwa macho yao wenyewe, wote kwa pamoja. Katika duka moja mjini Tanga wameonyeshwa kompyuta yenye kioo kikubwa, na bei yake ni nafuu kuliko walivyotazamia. Wanauliza: Je, tuinunue?

Swali hili nimelipenda, maana halikuulizwa kwa ajili ya fahari. Wanataka kitu kwa sababu wanayoijua. Wazee watakumbuka mwaka 1973, wakati wa mafunzo ya redio ya Mtu ni Afya, jinsi watu walivyokaa vikundi vikundi vijijini kusikiliza, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Somo la redio halikuishia masikioni. Nasi leo yafaa tusikilize kwa namna hiyo hiyo, kama watu wanaokwenda dukani kesho.

Kwanza jina. Kompyuta ya namna hii huitwa kompyuta mpakato. Mnajua maana ya kumpakata mtoto: ni kumweka mapajani. Basi hii ni kompyuta ambayo mtu aweza kuipakata. Lakini ile yenye kioo kikubwa kabisa haipakatiki vizuri, kama vile mtoto wa miaka saba asivyopakatika. Mahali pake ni mezani. Na huo ndio mwanzo wa hesabu yetu ya faida na hasara, kwa maana kizuri hakikosi ila.

Sasa tutazame kioo. Ukubwa wa kioo hupimwa kwa inchi, wala haupimwi kwa upana. Hupimwa mshazari, toka pembe ya chini upande mmoja mpaka pembe ya juu upande wa pili. Kompyuta mpakato nyingi zina kioo cha inchi 14 au 15.6. Zile kubwa zina inchi 17.3, katika bei ya chini mtaziona kwa mfano Aspire 3 ya kampuni ya Acer, au zile za kampuni ya HP ziitwazo 17. Ukisikia 15.6 na 17.3 utadhani tofauti ni ndogo, haifiki hata inchi 2. Hebu tupige hesabu. Kioo cha inchi 15.6 kina upana wa kiasi cha sentimita 34.5 na kimo cha sentimita 19.4. Kile cha inchi 17.3 kina upana wa sentimita 38.3 na kimo cha 21.5. Ukizidisha upana kwa kimo, cha kwanza kinapata sentimita za mraba 670 hivi, cha pili 820 na zaidi. Kimezidi kwa karibu robo nzima. Na ukikilinganisha na kile cha inchi 14, kimezidi kwa nusu. Basi sifa ya ukubwa ni ya kweli. Haya si maneno ya mwenye duka tu.

Kwa mtu mwenye umri wa miaka 50 au 60, ambaye herufi ndogo zimeanza kumkimbia, tofauti hiyo si ndogo. Nimeona darasani mama mmoja akisoma kitabu kwa kukisogeza mbali mpaka mkono ukaishia. Alipoonyeshwa maneno yale yale kwenye kioo kikubwa, aliyasoma bila kurudia. Kusoma alikuwa anajua tangu mwanzo. Lililomtatiza ni macho.

Walakini ukubwa si jambo pekee. Picha katika kioo hutengenezwa kwa nukta nyingi ndogo ndogo. Fikirini mkeka. Mkeka hushonwa kwa ukili, na ukili husukwa kwa miyaa. Mkitaka kutengeneza mkeka mkubwa kwa idadi ile ile ya miyaa, sharti kila mwaa uwe mpana zaidi, na ua lililotiwa ndani yake litaonekana la mraba mraba. Kioo nacho ni hivyo hivyo. Kompyuta za bei ndogo zenye inchi 17.3 aghalabu zina nukta 1600 kwa upana na 900 kwa kimo, yaani nukta 1,440,000. Zilizo bora zina 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya 2,000,000. Ziko pia za 1366 kwa 768, ambazo hazipati nukta 1,050,000. Hizo za mwisho zinafaa katika kioo kidogo, lakini katika kioo kikubwa utaona herufi zina kingo za kukwaruzika.

Hapa niseme neno moja la haki. Kwa kikundi hiki, nukta 1600 kwa 900 si aibu. Nukta zikiwa chache, herufi zenyewe hutokea kubwa, na ndizo wanazozitaka. Hasara itaonekana katika safu za hesabu, maana zitaingia chache kwa mara moja. Kikundi kinaandika jina, hisa, mkopo, marejesho na salio. Hizo ni safu tano, nazo zitaenea. Mtu wa kuchora ramani angepaswa kukataa kioo hicho.

Ila kuna kasoro nyingine ambayo watu wengi hawaijui, na kwa kikundi ni kubwa kuliko ya nukta. Vioo vingi vya bei ndogo huonekana vizuri kwa mtu aliyekaa mbele yake tu, katikati. Ukikaa ubavuni, au ukiinama, au ukisimama, rangi hugeuka. Nyeupe huwa ya kijivu, nyeusi huwa kama imemwagiwa maziwa, na maandishi hupotea. Mmeona hatari yake? Wanachama wamenunua kioo kikubwa ili wote waone, kisha anayeona ni katibu peke yake, aliyekaa mbele. Wamerudi pale pale walipokuwa, na safari hii wametoa fedha juu yake.

Dawa yake ni rahisi. Nendeni dukani watu watatu. Mwambieni mwenye duka aiwashe na afungue maandishi meusi katika ukurasa mweupe. Mmoja akae mbele, mmoja ubavuni mwa kulia, mmoja asimame nyuma ya yule aliyekaa. Kila mmoja asome mstari mmoja kwa sauti. Wote watatu wakisoma bila shida, kioo kimepita. Vioo vya namna hiyo njema mara nyingi huandikwa herufi tatu, IPS. Ziulizieni herufi hizo, lakini msiziamini zaidi ya macho yenu. Tena isogezeni karibu na mlango penye mwanga wa mchana. Kompyuta nyingi za bei ndogo zina mwanga hafifu, niti 220 mpaka 250 hivi, na kama mikutano yenu hufanyika barazani au chini ya mwembe, mtajitazama nyuso zenu badala ya hesabu. Kioo kinachong'aa kama kioo cha kuchania nywele ni kibaya zaidi kwa jambo hilo. Kile kisichong'aa, chenye uso mkavu, ndicho kizuri.

Mwalimu, simamisha kidogo hapa. Wanafunzi wawili wasimame na kueleza wenzao kwa nini inchi hazitoshi kukuambia uzuri wa kioo. Kisha tuendelee.

Tumeona uso wa mashine. Sasa tuingie tumboni, maana bei ikipunguzwa, hapo ndipo aghalabu inapopunguzwa, mahali usipopaona. Maneno ya kwanza ni kumbukumbu na ghala, nayo watu huyachanganya kila siku. Mfikirie muuza nguo pale Ngamiani. Ana meza barazani na ana stoo nyuma. Nguo zilizo mezani anazifikia mara moja. Zilizo stoo hana budi kuziendea. Kumbukumbu ni ile meza, ghala ni ile stoo. Zote mbili hupimwa kwa gigabaiti, na kwa sababu hiyo mwenye duka asiye mkweli aweza kukutajia namba kubwa ya stoo ukadhani ni ya meza. Windows 11, programu kuu inayoendesha kompyuta nyingi za sasa, inataka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 na ghala lisilopungua gigabaiti 64. Hicho ni kiasi cha kuwaka tu. Kompyuta yenye 4 na 64 ni kama meza ambayo mwenyewe amekalia nusu yake. Itafanya kazi, lakini kwa kusuasua, na ghala litajaa kwa matengenezo ya programu yenyewe kabla hamjaweka hesabu ya mwaka wa pili. Mimi nawashauri kumbukumbu ya gigabaiti 8 na ghala la 256. Kama ina 4, ulizeni swali hili: Je, yaweza kuongezwa? Katika baadhi ya mashine za bei ndogo kumbukumbu imegandishwa kiwandani, wala hakuna fundi atakayeiongeza.

Ghala lenyewe ni la namna mbili. Liko la zamani lenye sahani inayozunguka ndani, na liko jipya lisilo na kitu kinachozunguka, liitwalo SSD. La zamani hutoa nafasi nyingi kwa fedha kidogo, lakini ni la polepole, na halipendi kutikiswa wakati linafanya kazi. Mashine itakayopanda bodaboda kila juma kwenda mkutanoni isiwe na sahani ya kuzunguka. Hapo sina shaka hata kidogo.

Injini ya kompyuta, yaani prosesa, nitaipita upesi. Kwa kuandika barua na kupiga hesabu za wanachama 24, injini ndogo yatosha. Ila mkiambiwa Celeron ndiyo mpya kabisa, jueni kwamba kampuni ya Intel ililiacha jina hilo kwa kompyuta mpakato mpya tangu mwaka 2023. Si kwamba haifai, lakini bei yake isiwe ya kitu cha jana.

Nimefika kwenye jambo ninalolipenda katika kompyuta hizi kubwa, nalo husahauliwa na wanaozisifu. Tazameni vitufe vyake. Kwa kuwa mwili ni mpana, upande wa kulia hupata nafasi ya tarakimu peke yake, 1 mpaka 9 na 0, zimepangwa kama katika kikokotoo cha dukani. Katika kompyuta ndogo tarakimu ziko juu tu, mstari mmoja. Kwa mweka hazina anayeingiza hesabu za hisa jioni nzima, vitufe hivyo ni msaada mkubwa, na makosa hupungua. Katika zile za inchi 17.3 mtavikuta karibu zote. Hata za 15.6 nyingi zinavyo. Za 14 kwa kawaida hazina.

Na uzito je? Zile za inchi 17.3 zina kilo 2 na ushei, nyingine hukaribia 3. Si mzigo mkubwa kwa mtu anayebeba ndoo ya samaki, lakini ni kitu kipana, na mifuko mingi inayouzwa ni ya inchi 15.6, haitaingia. Tena mwili wa mashine za bei ndogo ni wa plastiki, na kioo kizito kimeshikwa na bawaba mbili ndogo. Bawaba hizo ndizo huvunjika. Ifungueni kwa kushika katikati ya ukingo wa juu, msivute pembe moja, na msiinue mashine kwa kushika kioo. Mkiwa dukani ifungueni na kuifunga mara tano sita. Ikilia au ikitetereka, iacheni hapo hapo.

Betri. Sisi wa mkoa huu twaishi jirani na mitambo ya umeme ya mto Pangani. Kituo cha Hale kilianza mwaka 1964, na kile cha New Pangani Falls mwaka 1995. Lakini ujirani huo haujawahi kuzuia taa kuzimika katikati ya mkutano. Kioo kikubwa hula umeme zaidi kuliko kidogo, na kampuni zikitaka kupunguza bei hutia betri ndogo. Uwezo wa betri huandikwa kwa wati-saa, kwa herufi Wh. Tuseme betri ina wati-saa 40, na kompyuta inakula wati 10 kwa kazi nyepesi. Gawanya 40 kwa 10: saa 4. Hiyo ni betri mpya, kwa kazi nyepesi. Ikizeeka, itawapa nusu yake au pungufu. Wale mnaotumia sola ndogo ya taa tatu na kuchaji simu, jueni kwamba chaja ya kompyuta hii huandikwa wati 45 au 65. Sola hiyo haitaiweza. Ulizeni pia kama inakubali chaja ya tundu la aina ya C, maana chaja hizo sasa zapatikana kila mahali. Zile za tundu la duara hutofautiana kampuni kwa kampuni.

Adui mwingine wa pwani ni hewa yetu yenyewe. Ina chumvi na unyevu, na katika miezi ya kaskazi chini ya bati joto ni kali. Mashine hupumua kwa matundu yaliyo chini au ubavuni. Ukiiweka juu ya godoro au juu ya kanga iliyokunjwa, umeiziba pua. Iwekeni juu ya ubao mkavu. Wala msiitie katika mfuko wa plastiki ingali na joto, itatoka jasho ndani, na jasho hilo na chumvi hutafuna vyuma vidogo.

Sasa kuna njia ya pili, na kikundi cha Pangani hakikuiuliza, lakini ni wajibu wangu kuitaja. Yaweza kununuliwa kompyuta ndogo iliyotumika, ya inchi 14, iliyotoka katika ofisi za Ulaya au kupitia Dubai. Nyingi zilijengwa kwa nguvu kuliko mpya za bei ndogo. Kisha huunganishwa kwa waya wa HDMI na televisheni ya inchi 32, na hapo kioo cha inchi 17.3 kitaonekana kitoto. Kama mnakutana katika nyumba yenye televisheni, njia hii ni bora, nami ningeichagua. Lakini kama mkutano huhama kutoka nyumba moja hadi nyingine, nani atabeba televisheni? Na umeme ukikatika, televisheni haina betri. Pia angalieni umri wa mashine hiyo. Muda wa Windows 10 wa kutunzwa kwa kawaida na kampuni ya Microsoft ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi na Windows 11. Mashine ya namna hiyo yaweza kutiwa Linux, ambayo ni bure, pamoja na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, nayo ni bure. Programu iliyotangulia hiyo, OpenOffice, ilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kwa hiyo msimkubali mtu anayesema kompyuta ni ya wajuao Kiingereza peke yao.

Basi jibu langu kwa kikundi cha Pangani ni hili. Kwa kuwa mnakutana barazani kwa zamu, kwa kuwa wengi macho yamepungua nguvu, na kwa kuwa kazi ni hesabu, kompyuta ya inchi 17.3 yawafaa, ikiwa watu wenu watatu wamesoma kioo chake toka pande tatu, ikiwa kumbukumbu ni 8 au yaongezeka, na ikiwa ghala ni SSD. Ikikosa lile la kwanza, msiinunue hata wakipunguza bei. Chukueni ya inchi 15.6 yenye kioo bora. Mtapoteza karibu sehemu moja ya tano ya ukubwa lakini mtapata watu wote kusoma. Mdai risiti, na waranti iandikwe muda wake, isiwe ya mdomo. Jaribuni kwa saa nzima hapo hapo dukani, bila chaja.

Na daftari msilitupe. Sanduku lenu la fedha lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Hesabu za kompyuta nazo zihifadhiwe kwa namna hiyo: nakala ndani ya mashine, nakala katika fleshi inayokaa kwa mwanachama mwingine asiye katibu, na daftari kwa mweka hazina. Neno la siri walijue wawili, si mmoja.

Kazi ya juma hili. Tuseme kompyuta ni shilingi 1,200,000 na wanachama ni 24. Kila mmoja atoe shilingi ngapi? Kama wanachama 4 hawana uwezo na wengine wamekubali kuwabebea, kila mmoja wa waliobaki atatoa ngapi? Betri ya wati-saa 36, kwa kazi inayokula wati 12, itadumu saa ngapi? Kisha chukueni rula au utepe wa fundi cherehani, mpime mshazari wa kioo chochote mtakachokiona, cha simu, cha televisheni au cha kompyuta ya jirani, na muandike inchi zake. Kumbukeni inchi 1 ni sentimita 2.54. Majibu myalete darasani, nasi tutayasoma katika kipindi kijacho.

Haya, kwaherini.